Neno Moja Chini ya Jina Langu

Kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu kabla hujaanza kutafuta miwani, maana najua barua ikifika kwako hukaa nusu siku mezani ikisubiri miwani ipatikane. Naomba ikukute mzima, wewe na wifi na watoto. Kifua kinaendeleaje? Usinijibu kwamba hakijambo na kuishia hapo. Mwambie wifi aniandikie yeye, kwa sababu wewe ukiulizwa habari za kifua unajibu habari za miche. Ila na miche pia nataka kuisikia. Wifi alinidokezea kwamba ile ya michungwa imeshika karibu yote, nikafurahi kana kwamba nimeimwagilia mimi.

Sisi huku hatujambo. Shemeji yako anakusalimu. Mpwa wako amenipita urefu na sasa ananiegemea begani kwa makusudi ili nione. Mimi mwenyewe ni mzima, ila magoti yananilalamikia nikiinuka sakafuni, na wewe kazi hii unaijua, sina haja ya kukueleza.

Najua simu ipo. Lakini kwenye simu una tabia ya kunikatisha ukisema haya, haya, nimeelewa, wakati hujaelewa kitu. Hili la leo ni la kusikilizwa hadi mwisho. Kwa hiyo kaa, kaka, na mwambie wifi akuletee chai.

Nianze na habari njema. Tumehama kile kibanda. Sasa nina vyumba viwili na ua katika jengo la ghorofa moja, karibu na kituo cha mabasi. Chumba cha mbele ni steshenari, yaani mashine ya kopi, madaftari, bahasha na wanafunzi wasiokwisha. Uani kuna viti vya kukodisha, vimepangwa kwa minara hadi usawa wa dirisha, na maturubai yake. Chumba cha nyuma ndiyo karakana ya makochi. Mlango wake, kaka, ni mpana. Kochi la watu watatu linapita wima bila kung'olewa miguu. Siku ya kwanza nililipitisha moja ndani na nje mara mbili bila sababu yoyote, shemeji yako akaniuliza kama nimelipeleka matembezi.

Namshukuru Mungu kwa hayo yote, na nakushukuru wewe, na hapo kwenye kukushukuru ndipo barua hii inapoelekea. Ila nipe nafasi nizunguke kidogo.

Jengo lina msimamizi, mzee mmoja nadhifu ambaye rula haimtoki kwenye mfuko wa shati. Pale penye ngazi kuna ubao wa majina. Kila mpangaji anaandikwa jina lake na chini yake kazi yake, mstari mmoja, herufi za kimo kimoja. Yupo daktari wa meno, yupo wakili, yupo fundi saa. Msimamizi alinijia na karatasi akasema mchoraji wa ubao anakuja Ijumaa ya wiki ijayo, kwa hiyo nimwandikie mapema mimi ni nani. Nilimwambia nina kazi tatu. Akasema yeye ana mstari mmoja.

Cheka tu, kaka, lakini mstari huo ulininyima raha siku tisa. Neno ambalo kila mtu ananiita lilikuwepo muda wote, na hilo ndilo nililokuwa nikilikimbia. Sababu yake nitaifikia.

Kwanza nilijaribu Mkurugenzi. Mashine ya kopi ninayo na karatasi ngumu ninazo, basi nikajitengenezea kadi asubuhi moja, nikazipanga mezani. Jioni hiyo hiyo shemeji yako akaanza kuniuliza kama Mheshimiwa Mkurugenzi atakunywa chai na maziwa au bila maziwa. Hilo nililistahimili. Lililonishinda ni bwana mmoja aliyekuja na kiti chake mgongoni, akanikuta nimepiga magoti na misumari mdomoni. Nilipomkabidhi kadi aliisoma, akaomba radhi kwa kumsumbua mkubwa, akasema yeye alikuwa anamtafuta mtu wa kumtengenezea kiti. Akaondoka nacho. Kesho yake wakaja vijana wawili na barua za kuomba kazi, mmoja amevaa tai. Nilizichana zile kadi, sasa mpwa wako anaandikia nyuma yake bei za kopi.

Kisha nikajaribu Mjasiriamali. Msimamizi alikuna kichwa akaniambia ghorofani pekee wapo wanne wanaojiita hivyo, na wageni wanapanda na kushuka ngazi wakiuliza ni yupi anayeuza nini. Nikasema basi tuandike Mfanyabiashara. Akaniuliza, kwa adabu kabisa, kuna nani katika jengo lile asiyefanya biashara.

Mpwa wako alipendekeza tuandike Huduma Mbalimbali. Nikamwambia hiyo ni kama ofisi ya kupeleka malalamiko. Nikamwomba msimamizi aandike zote tatu, makochi na viti vya kukodi na steshenari. Akatoa rula, akapima, akanionyesha kwamba herufi zitakuwa za kusomwa na sisimizi, na tena wakili ataona wivu. Alikuwa mkweli. Niliona hata yeye ananihurumia.

Shemeji yako alinisikiliza siku hizo zote kwa uvumilivu ambao sikuwahi kumjua nao. Mwishowe, tukiwa tunakula, akaniuliza kwa nini nisiandike fundi tu. Alisema mtaa mzima unaniita fundi, wenye shida ya kopi wananiita fundi, hata mwanangu mwenyewe akiwa kazini ananiita fundi. Kaka, nilimkasirikia. Niliacha chakula nikaenda uani kupanga viti vilivyokuwa vimekwishapangwa. Nilimsikia akimwambia mpwa wako kwamba mama yake amegongwa mahali penye kidonda, na hakuwa amekosea, ila kidonda chenyewe alikuwa hakijui. Hakuna aliyekijua.

Jumanne ya wiki ya pili, zikiwa zimebaki siku tatu mchoraji aje, ikaingia gari ndogo ya mizigo uani. Akashuka Mwalimu Mkuu. Nadhani unamkumbuka, yule mama aliyekuwa mkuu wa shule ya wasichana, mrefu, anayeuliza kila kitu mara mbili. Amestaafu siku nyingi, anatembea na fimbo, lakini sauti bado ni ile ya kuwanyamazisha watu mia nne. Nyuma ya gari kilikuwepo kiti chake.

Nilikijua kabla turubai halijaondolewa. Kile kiti cha mikono miwili, mgongo mrefu, kitambaa cha maua ya zambarau. Kitambaa kilikuwa kimechakaa hadi maua yamegeuka kijivu, lakini kiti chenyewe kimesimama imara. Alisema amekikalia miaka kumi na minane, na sasa anataka kivishwe upya na mikono ile ile iliyokitengeneza. Alinishika mikono yangu yote miwili aliposema hivyo. Nilijisikia vibaya mpaka nikaiondoa, nikasingizia ina gundi.

Sasa, kaka, sikiliza.

Kiti kile ndicho ulichonipa nikitengeneze peke yangu, cha kwanza, kuanzia fremu tupu. Mikanda, springi, gunia, sufi, kitambaa. Nilikifanya wiki mbili ulimi ukiwa nje kama ng'ombe wa kulima. Na nikaharibu. Kwenye mikono ya kiti, pale mbele, mikunjo ilikataa, maua yakaenda upande kama yamepigwa na upepo. Ulikuja, ukakitazama. Ukanituma nikanunue uzi mnene mbali kule ng'ambo ya pili ya mji. Njia nzima nililia. Niliporudi alasiri kiti kilikuwa kimekaa katikati ya karakana, kizuri hata nikaogopa kukisogelea, na wewe unanawa mikono. Ulisema neno moja tu, kimekaa. Ukatoka nje.

Mimi nikaamini umekivua chote ukakianza upya. Nilikuwa nimekuona ukifanya miujiza kwa siku moja, basi sikujiuliza ingewezekanaje.

Mwalimu Mkuu akaja kukichukua. Akaketi, akainuka, akaketi tena, akauliza nani amekitengeneza, akauliza mara ya pili. Wewe ulikuwa nje unakohoa. Nikasema, mimi.

Ndiyo hiyo, kaka. Neno moja. Baada ya hapo aliwaambia walimu wake wote kuhusu binti mwenye mikono, walimu wakawaambia ndugu zao, na mpaka leo nusu ya wateja wangu ukifuatilia walikotoka unaishia kwenye kile kiti. Mwaka haukuisha daktari akakukataza vumbi la sufi, ukaniachia nyundo, mkasi na karakana, ukaenda. Nilivipokea kama mtu aliyeviiba. Nilidhani siku ile ulinisikia ukiwa nje, na ukanyamaza ili usinivunje moyo.

Na kuna jingine. Wewe ulinifundisha kwamba anayeandika jina kwenye ubao wa ndani wa kiti ni fundi peke yake. Mwanafunzi haandiki, hata awe amefanya karibu kazi yote. Penseli, jina, tarehe, kisha kitambaa kinafunika, na hasomi mtu mpaka siku fundi mwingine atakapokivua. Kaka, makochi yote niliyotengeneza tangu uondoke, ukiyavua utakuta tarehe tu. Jina sikuandika hata kwenye moja. Mkono ulikuwa haukubali.

Watu wananisifu kwamba nina akili ya biashara, kwamba sitegemei kazi moja. Viti vya kukodisha vimetulisha miezi ambayo hakuna anayekumbuka kwamba kochi lake limebonyea, na steshenari imemfundisha mpwa wako kuongea na watu. Nazishukuru zote mbili kwa moyo. Lakini ukweli ni kwamba nilizianzisha ili mtu akiniuliza kazi yangu niwe na kitu kingine cha kusema.

Basi fikiria hali yangu. Kiti kipo mbele yangu, ndani yake naamini kuna jina lako, na mwenye kiti hataki kuondoka. Nilimwambia vumbi litamsumbua, akasema amevuta vumbi la chaki miaka arobaini. Nilimwambia mpwa wako amtengenezee chai chumba cha mbele, akasema chai atainywa pale pale. Akavutiwa kiti kimoja cha kukodisha, akaketi, akaweka fimbo magotini, akatazama kama anasimamia mtihani. Hakukuwa na pa kukimbilia. Nikaanza kung'oa misumari.

Kitambaa kikatoka. Mikono ya mbele ilikuwa kazi yako, ile mikunjo naijua, sijaweza kuiiga mpaka leo. Nikafungua gunia. Hapo nikasimama.

Mimi natumia mkono wa kushoto, kaka, na mafundo yangu hulala upande wa pili. Ulikuwa ukinitania kwamba springi nilizofunga mimi zinatazama nyuma. Springi zote za kile kiti zilikuwa zinatazama nyuma. Nilizihesabu, kisha nikazigusa moja moja kama kipofu. Mikanda ilikuwa imekazwa upande wangu. Sufi ilikuwa imeshonewa kwa ule mshono wangu mrefu uliokuwa ukiuchukia. Hukuvua kitu. Ulifungua mikono miwili ya mbele, ukanyoosha maua, ukafunga. Yote mengine yalikuwa yangu, na yamembeba Mwalimu Mkuu miaka kumi na minane bila kulegea.

Maandishi nilishindwa kuyatazama. Yeye ndiye aliyevaa miwani, akainama, akayasoma kwa sauti, jina langu likiwa la kwanza, kama anaita majina darasani: Fundi, Sindano. Msaidizi, kaka yake. Kisha tarehe. Akasema mwandiko wa msaidizi hauridhishi.

Nilikaa sakafuni nikalia na misumari mdomoni. Mpwa wako alikuja kuuliza habari ya wino, akanikuta hivyo, akanifunulia kiganja nitemee misumari kama mtoto mdogo. Nilimwambia Mwalimu Mkuu kila kitu, kuanzia uzi mnene hadi lile neno mimi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema haoni jipya. Alimuuliza binti, binti akamjibu, na jibu lilikuwa sahihi. Akaomba chai iongezwe sukari.

Ila ile tarehe, kaka. Karatasi yako ya hospitali niliwahi kuiona tulipokuwa tunafunga mizigo yako, na sikuisahau. Uliandika kwenye ule ubao siku nne baada ya kupigwa picha ya kifua. Kumbe ulikuwa umeshajua kwamba kazi unaiacha. Sisi nyumbani ulituambia miezi mingi baadaye. Kwa hiyo ulipokuwa unanawa mikono alasiri ile ulikuwa umekwisha kuniachia, na mtu pekee uliyemwambia ni kiti.

Mbona hukuniambia kwa mdomo? Nimekukasirikia kwa hilo siku moja nzima, nakiri. Halafu nikakumbuka wewe ni mtu wa kimekaa, na pengine ulidhani nitayatambua mafundo yangu mwenyewe kabla kiti hakijatoka mlangoni. Mtu yeyote mwenye akili timamu angeinama achungulie. Mimi nilikuwa nimeshaamini vibaya juu yangu, nikabeba hivyo miaka kumi na minane, na lawama hiyo si yako.

Asante, kaka. Asante kwa nyundo, na kwa kunituma mbali siku ile ili nisione aibu yangu ikirekebishwa. Asante kwa kujiandika msaidizi, wewe ambaye ulinishika mkono nilipokuwa sijui hata kuvuta uzi. Nimeandika neno hili mara tatu na bado naona sijalisema.

Sikuombi ruhusa. Ruhusa ulikwisha kunipa, mimi ndiye niliyechelewa kuisoma. Ijumaa mchoraji alikuja, chini ya jina langu akaandika neno moja, fundi, na msimamizi akapima mstari wangu akasema ndio mfupi kuliko yote. Wanaotaka kopi na viti wameendelea kuja kama kawaida, wanauliza tu fundi yuko wapi.

Kiti cha Mwalimu Mkuu kimeondoka jana na kitambaa cha kijani alichokichagua yeye. Maandishi yako sikuyagusa. Chini yake niliandika langu kwa penseli, jina na tarehe, na mara hii mkono ulikubali.

Msalimie wifi sana, mwambie zile mbegu alizotuma zimefika. Watoto wabusu kwa ajili ya shangazi yao. Vaa kitu kizito asubuhi unapomwagilia, na kama utanijibu kwa mistari miwili kama kawaida yako, basi mmoja uwe wa kifua. Shemeji yako na mpwa wako wanasema tutakuja kukuona shule zikifungwa, tujaaliwe uzima.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,

Sindano,
fundi wa makochi